Kiraka cha Dari ya Rafu Baada ya Kung'oa Nyaya za Zamani

Dari ya sebule ya nyumba yetu ya Area C, Dodoma, ilipigwa lipu mwaka 1979, na marehemu baba aliandika katika daftari lake la ujenzi kila mfuko wa chokaa na kila toroli la mchanga lililotumika. Si dari ya siling bodi wala ya jipsamu kama zinavyojengwa siku hizi. Ni lipu ya chokaa, mchanga na simenti kidogo, yenye unene wa kama sentimita 2, iliyopigwa juu ya wavu wa chuma uliopigiliwa kwenye mbao za branda, zile zinazoshikilia dari, na uso wake wote umejaa vipele vidogo mithili ya ngozi ya fenesi. Mafundi wa hapa mjini huiita dari ya rafu. Nimekua nikiitazama nikiwa nimelala mkekani, na kwa hiyo Julai mwaka huu, tulipolazimika kuipasua ili kutoa nyaya za zamani, nilijua tangu siku ya kwanza kwamba sitaridhika na kiraka kinachoonekana.

Nyumba za umri huu ni nyingi Dodoma, zilizojengwa miaka iliyofuata uamuzi wa mwaka 1973 wa kuufanya mji huu kuwa makao makuu, na wenye nyumba hizo wanapobadilisha nyaya huambiwa wachague moja kati ya mambo mawili: kubomoa dari yote na kuweka jipsamu, au kukubali viraka laini vinavyong'aa katikati ya rafu. Ninaandika kwa kirefu kwa sababu ipo njia ya tatu, ya kupiga kiraka chenye vipele kama vya dari yenyewe; haina gharama kubwa, ila inadai subira.

Kwanza habari ya nyaya zenyewe. Kwa miezi kadhaa taa ya sebuleni ilikuwa ikififia kila pasi ilipochomekwa, na jioni moja mama alisikia harufu ya plastiki inayoungua karibu na pangaboi. Tulimwita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambaye alifungua kifuniko cha taa na kuugusa waya kwa ncha ya bisibisi, ganda lake likapasuka na kudondoka vipande vipande. Joto la balbu kwa miaka arobaini na zaidi, pamoja na joto la bati linaloshuka darini kila mchana, lilikuwa limeikausha plastiki hiyo hadi ikawa kama ganda la yai. Nyaya zilikuwa mbili tu, nyekundu na nyeusi, bila waya wa athi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Kilichomsikitisha fundi zaidi ni maungio aliyoyakuta katikati ya dari, nyaya zilizosokotwa kwa mkono, zikafungwa tepu, kisha zikafunikwa kwa lipu bila boksi lolote.

"Mwalimu, hii si ya kuongezea tepu," aliniambia. "Hii inatoka yote, na maungio mapya yatakaa kwenye boksi linalofunguka."

Kanuni hiyo ya maungio ningependa kila mwenye nyumba aijue kabla hajashika mwiko. Maungio ya nyaya hayazikwi ndani ya lipu kamwe, kwa kuwa hapo ndipo joto huzaliwa pale yanapolegea, na yakizikwa hakuna atakayeyaona mpaka moshi utoke. Vilevile hakuna kiraka kinachopigwa juu ya waya ambao mwisho wake haujulikani. Fundi wetu alizima meni swichi, lakini hakuridhika na hilo: aliijaribu testa yake kwenye sehemu yenye umeme kwanza ili ahakikishe kuwa ni nzima, akapima kila waya darini, kisha akarudi kuipima testa ileile mara ya pili. Alinikumbusha pia kwamba kuzima meni swichi hakuondoi umeme kwenye nyaya zinazotoka mita ya LUKU hadi kwenye swichi hiyo, na kwamba kuzima swichi ya ukutani pekee si kinga, kwa sababu katika nyumba za zamani swichi huenda ilifungwa kwenye waya usio sahihi. Waya mmoja uligoma kutoka, umebanwa na wavu wa chuma. Aliukata pande zote mbili, akaufunika ncha, na tukauandika.

Nyaya zilipotoka, dari ilibaki na majeraha matatu: tundu la duara la sentimita 12 palipokuwa na taa, tundu la sentimita 20 kwa 30 palipokuwa na maungio, na mfereji wa mita 2.6, wenye upana wa sentimita 4, ulioelekea ukuta wa swichi. Nyaya mpya hazikurudi humo. Zilipitishwa juu ya branda ndani ya mabomba ya plastiki, ambako zinaweza kufikiwa kupitia mlango wa darini.

Kabla ya kukwangua chochote ilinibidi nijibu swali la asbesto. Katika Marekani na Uingereza, rangi nzito na lipu za mapambo ya dari zilizotengenezwa viwandani kabla ya miaka ya 1980 ziliwekwa nyuzi za asbesto mara nyingi, na vumbi lake likivutwa huharibu mapafu baada ya miaka mingi. Kwa macho haiwezekani kuitambua. Ni maabara pekee inayoweza kuthibitisha. Katika nyumba yetu daftari la baba lilinipa ushahidi wa kutosha, kwa maana linaonyesha chokaa, mchanga wa mtoni na simenti, vilivyochanganywa uwanjani, wala hakuna bidhaa ya kopo iliyonunuliwa. Asiye na daftari kama hilo, au mwenye dari ya mabamba ya kijivu ya zamani yanayofanana na simenti iliyoshindiliwa, asiyakate, asiyatoboe wala asiyapige msasa kabla ya kupata jibu. Hata mimi sikukwangua kikavu. Nililowesha kila sehemu, nikavaa barakoa na miwani ya kinga, na turubai la sakafuni nililikunja likiwa bado na unyevu.

Jaribio la kwanza halikufaulu, na ninalieleza kwa sababu ndivyo viraka vingi vinavyopigwa. Nilichanganya poda ya jipsamu na maji, nikaujaza mfereji wote kwa mkupuo mmoja hadi usawa wa dari, nikaulainisha kwa mwiko. Poda ilianza kushika kabla sijafika nusu ya urefu. Kesho yake ukingo wote ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na saa kumi na moja jioni, jua lilipoingia kwa dirisha la magharibi, mfereji ulionekana kama njia iliyofagiliwa katikati ya uwanja wa changarawe. Wakati wa mchana mfereji huo ulikuwa hauonekani kabisa. Nilikaa kwenye kiti nikiutazama mpaka jua lilipozama, na hapo ndipo nilipoielewa kazi yenyewe: dari ya rafu haina rangi nyingi wala mchoro, uzuri wake wote ni vivuli vidogo vinavyotupwa na vipele, na mahali pasipo na kivuli jicho hupaona mara moja hata rangi ikilingana. Kuanzia siku hiyo kila hatua tuliikagua jioni, kwa mwanga wa ubavuni, na usiku tuliweka taa ya mkononi karibu na ukuta ikimulika sambamba na dari.

Ufa wa ukingo ulikuwa na sababu nyingine, nayo ni kiu. Jiwe la jipsamu, lile linalochimbwa Itigi na Makanya, lina maji ndani ya umbile lake. Likichomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi hupoteza sehemu kubwa ya maji hayo na kuwa poda, na poda ikirudishiwa maji hujijenga tena kuwa jiwe, chembe zake zikifumana kama vidole vya mikono miwili. Lipu ya chokaa iliyokauka kwa zaidi ya miaka arobaini katika hewa ya Dodoma, tena katika Julai ya upepo mkavu, huyanyonya maji hayo kabla jipsamu haijayatumia, na ukingoni hubaki unga usioshikana na chochote. Maji yetu nayo yalichangia. Maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi, na chumvi huharakisha jipsamu kushika; masalia ya mchanganyiko wa jana yaliyoganda kwenye ndoo hufanya vivyo hivyo. Mara ya pili nilitumia maji ya mvua yaliyobaki kwenye tangi, nikaosha ndoo kila mara, na nikaongeza matone machache ya ndimu, kwa sababu asidi yake huchelewesha. Viwandani hutumia pia asidi ya zabibu, ileile ambayo chumvi yake huganda kwenye kuta za mapipa ya mvinyo, jambo lililonifurahisha kulijua nikiwa katika mji wa mizabibu. Ndimu isizidi, kwani ikizidi kiraka hubaki laini na kuvunjika kwa kidole.

Basi tulikwangua kazi yote ya kwanza. Kaka yangu aligonga dari kwa mpini wa bisibisi kuzunguka kila tundu, akisikiliza. Palipolia kwa sauti nzito lipu ilikuwa imeshika wavu. Palipolia kama debe tupu ilikuwa imeachana nao. Sehemu mbili zilizoachana lakini zilikuwa bado nzima tuliziokoa kwa skrubu zenye washa pana, zilizopenya hadi kwenye branda na kuzamishwa kidogo chini ya uso. Kisha tulikata kingo kwa kuelekea ndani, ili mdomo wa tundu uwe mwembamba kuliko tumbo lake, kama mtungi, na kiraka kikishaganda kisiwe na njia ya kudondoka. Wavu uliokuwa na kutu tuliukata, tukaweka kipande kipya na kukifunga kwa waya wa kufungia nondo. Kwenye tundu kubwa tuliongeza kipande cha mbao juu yake, kikashikwa kwa skrubu pande zote mbili.

Hapa ndipo katani ilipotusaidia. Mafundi wa jipsamu nchini hutumia nyuzi za mkonge kushikiza mapambo ya dari, wakizichovya kwenye jipsamu nyepesi na kuzisokomeza mahali pake, na sisi tulifanya hivyo kwenye wavu kabla ya tabaka la kwanza. Tulilowesha kingo kwa chupa ya kupulizia mara tatu, tukisubiri kila mara maji yanywewe, hadi lipu ya zamani ikabadilika rangi bila kudondosha tone. Tabaka la kwanza lilikuwa la sentimita 1, likachorwa mistari kwa msumari lingali bichi. La pili lilipigwa kesho yake, na likaishia milimita 4 chini ya uso wa vipele.

Milimita hizo 4 ndizo zilizokosekana katika jaribio langu la kwanza, na bila hizo hakuna fundi atakayeweza kuificha kazi. Rafu ina kimo chake. Ukijaza tundu hadi usawa wa vichwa vya vipele, halafu ukaongeza vipele vipya juu, kiraka kitatokeza kama kovu. Ukiacha bila vipele, kitakuwa bapa. Kiraka kinapaswa kusimama kwenye usawa wa mabonde, ili vipele viinuke kutoka hapo kama wenzao.

Kwa tabaka la mwisho watu wawili tofauti walinishauri nitumie simenti nyeupe, na sikukubali. Simenti mbichi ikigusana na jipsamu, kisha unyevu ukaingia, huzaa chumvi inayovimba na kuisukuma lipu hadi ipasuke, na Dodoma, pamoja na ukame wake, ina mvua za Desemba hadi Aprili na mabati yenye misumari iliyolegea. Nilitumia chokaa iliyolowekwa kwa siku nne, sehemu 2, mchanga wa mtoni uliochekechwa kwa chujio la chai, sehemu 2, na jipsamu sehemu 1 iliyoongezwa wakati wa kupiga tu. Chokaa huunguza macho, na anayefanya kazi akiwa ameinua uso asiithubutu bila miwani.

Lakini vipele vile vilitengenezwa kwa kifaa gani? Daftari halisemi. Tulichukua kipande cha jipsamu bodi, tukakigawa sehemu sita, na katika kila sehemu tukajaribu kitu: sponji, fagio la chelewa, gunia, brashi ya rangi, kitambaa kilichokunjwa, kiganja chenye glavu. Jioni kaka alipanda ngazi akakishikilia kipande hicho kando ya dari ili nilinganishe vivuli. Sponji ilitoa vishimo badala ya vipele. Fagio lilitoa michirizi. Gunia lilikaribia, lakini vipele vyake vilikuwa vimelala upande mmoja. Siku mbili zilipita hivyo, mpaka nilipokuwa nikisafisha ukingo wa tundu la taa nikaona nyuzi mbili fupi, za rangi ya majani makavu, zimegandia ndani ya kipele cha zamani. Zilikuwa za katani. Fundi wa mwaka 1979 alikuwa ametumia brashi ya chokaa ya katani, na brashi ile ilikuwa ikimwaga nyuzi kama zinavyomwaga zote.

Tulitengeneza brashi fupi ya katani, tukaikata ncha ziwe sawa. Kuigandamiza na kuivuta moja kwa moja kulitoa vipele vilivyochongoka mno. Kuigandamiza, kuizungusha kidogo kwa kifundo cha mkono, kisha kuivuta chini, kulitoa umbo lenyewe. Vichwa vya zamani vilikuwa butu zaidi, na hilo si la fundi bali la tabaka za rangi zilizopakwa mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo tulisubiri kama dakika 20, vipele vikianza kukaza, tukavipitia kwa brashi laini yenye maji, mara moja tu, bila kukandamiza.

Mfereji ulihitaji uangalifu wa ziada. Jicho la binadamu hutafuta mstari ulionyooka, na mita 2.6 za ukingo ulionyooka zitaonekana hata vipele vikiwa kamili. Tulilazimika kuuharibu unyoofu wake kwa makusudi, tukibandua vipele vya zamani hapa sentimita 3, pale 7, ili mpaka kati ya upya na ukale upindepinde, na tukaivusha rafu mpya nje ya ukingo kwa vipimo visivyolingana. Hatukufanya kazi mfululizo kutoka mwanzo wa mfereji hadi mwisho, bali kwa mabaka yaliyoachana, tukajaza nafasi baadaye, kwa sababu mkono unaofuata mstari huacha mdundo unaoonekana. Madirisha yalifungwa kwa siku tatu dhidi ya upepo, na kila asubuhi na jioni tulipulizia ukungu wa maji. Hakuna ufa uliotokea.

Rangi tuliipaka baada ya siku kumi. Kiraka kipya hunywa rangi kuliko lipu ya zamani, hivyo kilipata kwanza mikono miwili ya rangi ya maji iliyozimuliwa. Palipokuwa na maungio yaliyoungua palibaki doa la kahawia pembeni, na doa la namna hiyo hupenya rangi ya maji kila ikipakwa. Tulilifunga kwa praima ya mafuta. Kisha tukapaka dari yote, kutoka ukuta hadi ukuta, kwa rangi isiyong'aa. Rangi inayong'aa huongeza mwanga kwenye kila kosa, na kupaka kiraka peke yake ni sawa na kukizungushia duara.

Sasa, saa kumi na moja jioni, mfereji hauonekani. Tundu la taa limefunikwa na taa mpya. Tundu la maungio ninaliona bado, kwenye pembe moja karibu na dirisha, ambako vipele vyangu vimekaribiana kuliko vya zamani. Nililipiga la kwanza, kabla mkono haujazoea. Nimeliacha hadi tutakapoingia chumba cha mama mwezi wa Septemba, ambako kuna mifereji miwili ya namna hiyohiyo, na mchanganyiko utakuwapo wa kutosha kulirudia.

Katika daftari la baba kulikuwa na kurasa tupu mwishoni. Nimechora humo dari ya sebule, nikaonyesha kwa vipimo kutoka ukuta wa mashariki na wa kaskazini mahali zinapopita nyaya mpya, mahali lilipo boksi la maungio, ulipobaki ule waya mmoja uliokatwa pande zote mbili, na zilipozama skrubu, pamoja na mchanganyiko wa rafu na neno brashi ya katani, ili atakayepanda ngazi baada yetu asilazimike kuitafuta kwa siku mbili.